Kuonja mvinyo wa Château Léoville Barton: mwongozo wa hatua kwa hatua

Kwenye lebo ya chupa ya Château Léoville Barton pameandikwa kwamba huu ni mvinyo uliopewa daraja mwaka 1855. Maneno hayo machache ndiyo yanayopandisha bei, na ndiyo yanayowatia wengi wasiwasi wanapoiweka chupa mezani kwa mara ya kwanza. Mtu hunywa akiutafuta ukubwa aliosimuliwa, na asipouona hudhani ulimi wake ndio wenye kasoro. Kwa uzoefu wangu kasoro hutokana na joto la chupa, na glasi iliyotumika, na zaidi ya yote na haraka ya mnywaji. Nimeuchagua mvinyo huu wa Saint-Julien, kijiji kilicho kaskazini mwa jiji la Bordeaux huko Ufaransa, kwa sababu kati ya mivinyo ya daraja ndio niliouonja mara nyingi zaidi. Hata hivyo, hatua ninazozieleza hapa zinafaa kwa chupa yoyote ya mvinyo mwekundu wa eneo la Médoc.

Kabla ya chupa: daraja lina maana gani

Daraja lilianzia kwenye biashara. Napoleon III, kaizari wa Ufaransa, aliandaa Maonyesho ya Dunia mjini Paris mwaka 1855, na Chemba ya Biashara ya Bordeaux ikawaomba madalali wa mvinyo waandike orodha ya mashamba yaliyo bora. Madalali waliitoa orodha hiyo tarehe 18 Aprili mwaka huohuo, wakitegemea bei ambazo kila shamba lilikuwa limeuza mvinyo wake kwa miaka mingi, kwa hoja kwamba soko lililokwisha kuonja na kulipa kwa muda mrefu namna hiyo haliwezi kukosea sana. Mashamba ya mvinyo mwekundu yakapangwa katika madaraja matano, na yote yalikuwa ya Médoc isipokuwa Haut-Brion, lililoko Graves, eneo jingine la Bordeaux. Tangu hapo orodha imeguswa kwa nadra sana: Cantemerle liliongezwa Septemba mwaka huohuo, na Mouton Rothschild likapandishwa kutoka daraja la pili hadi la kwanza mwaka 1973. Leo mashamba hayo ni 61, na Léoville Barton limo katika daraja la pili.

Anayeonja anapaswa kukumbuka kwamba daraja hili limeshikamana na jina la shamba. Shamba linaweza kununua ardhi ya jirani au kuuza yake, likabadili mmiliki na mtengenezaji, na daraja likabaki vilevile. Kwa hiyo yapo mashamba ya daraja la tano ambayo mvinyo wake leo unashinda ya daraja la tatu, na wafanyabiashara wa Bordeaux wenyewe wanalijua hilo, kwani bei wanazotoza hazifuati tena orodha ile hatua kwa hatua.

Shamba la Léoville lilikuwa moja na kubwa sana kabla ya Mapinduzi ya Ufaransa. Baada ya hapo liligawanyika vipande vitatu, ambavyo leo vinaitwa Las Cases, Poyferré na Barton. Hugh Barton, aliyetoka katika ukoo wa wafanyabiashara wa Kiairishi waliohamia Bordeaux, alinunua shamba la Langoa mwaka 1821 na kipande chake cha Léoville mwaka 1826, na ukoo huo ungali unavimiliki vyote viwili. Kipande cha Léoville hakikuja na jumba, ndiyo maana mvinyo wake ukawa unatengenezwa Langoa. Mizabibu imepandwa juu ya vilima vya changarawe karibu na mlango wa mto Gironde. Changarawe hupitisha maji upesi na kutunza joto la jua, jambo linaloifaa Cabernet Sauvignon, zabibu yenye punje ndogo na ganda nene ambayo huchelewa kuiva. Hiyo ndiyo iliyo nyingi katika chupa hii, kwa kawaida zaidi ya theluthi mbili, kisha Merlot, na Cabernet Franc kidogo.

Kuchagua na kukagua chupa

Tazama kwanza mwaka wa mavuno. Mvinyo wa Léoville Barton wa mwaka wenye nguvu, kama 2005, 2010 au 2016, huwa mgumu na uliojifunga ukiwa mchanga, na kuufungua kabla haujafikisha miaka 10 ni kuula muhogo ambao haujaiva. Mwaka ambao haukusifiwa sana huiva mapema na bei yake huwa ya chini. Kwa mtu anayeanza, mimi napendekeza chupa ya namna hiyo kuliko ya mwaka mashuhuri ambayo bado haijawa tayari. Ukitaka kujizoeza kwa gharama ndogo zaidi, shamba hilo lina mvinyo wa pili uitwao La Réserve de Léoville Barton, ambao hufunguka upesi.

Kisha kagua namna ilivyotunzwa. Katika miji yetu ya joto hili ndilo jambo linaloharibu chupa nyingi kuliko yote. Usinunue chupa iliyosimama dirishani au chini ya taa kali, hata kama muuzaji anaapa kwamba imefika juzi. Inua chupa utazame kimo cha mvinyo shingoni: chupa isiyozidi miaka 15 inapaswa kuwa imejaa mpaka ndani ya shingo. Papasa kifuniko cha bati kilichoko juu. Ukihisi kizibo kimevimba kukisukuma, au ukaona michirizi iliyokauka kando ya shingo, chupa hiyo ilipata joto kali njiani au ghalani, na yaliyomo yatakuwa na ladha ya jemu iliyoungua.

Siku moja kabla

Simamisha chupa wima mahali penye kivuli kwa saa 24 zisizopungua. Mvinyo uliokaa miaka mingi hujenga mashapo, yaani chembe za rangi na za tanini, kitu kinacholeta ukakasi, zilizoshikana na kuzama. Hayana madhara, lakini yakichanganyika na mvinyo huupa uchungu na kuufanya mzito mdomoni kama kahawa iliyotibuliwa. Chupa iliyosafirishwa kwa gari au ndege ipumzishwe hata wiki mbili.

Joto, ambalo ndilo jambo kubwa

Vitabu vya Wafaransa husema mvinyo mwekundu unywewe ukiwa na joto la chumba. Chumba kinachosemwa hapo ni cha nyumba ya mawe ya zamani huko Ufaransa, chenye nyuzijoto 17 hivi, wala si sebule ya Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Februari. Chupa yangu ya kwanza ya Léoville Barton niliifungua nyumbani nikiufuata ushauri huo neno kwa neno, kipimajoto cha ukutani kikionyesha nyuzi 29. Pua ilipokea spiriti kabla ya kitu kingine chochote. Kinywani mvinyo ulikuwa mzito na mtamu kidogo kwa namna isiyopendeza, ukakasi wake ukawa umetengana na matunda kama mafuta yaliyotengana na mchuzi. Niliulaumu mvinyo kwa miezi mingi. Nilipoonja baadaye chupa ya mwaka uleule ikiwa na nyuzi 17, nilielewa kwamba ile ya kwanza niliipoteza kwa mkono wangu, na uchungu wa kuipoteza ndio ulionifanya nianze kupima.

Lenga nyuzi 16 wakati wa kumimina, kwa sababu ndani ya glasi mvinyo utapanda haraka hadi 18. Chupa iliyokuwa na nyuzi 28 huhitaji saa moja hadi saa moja na nusu ndani ya friji ya kawaida. Ukiwa na haraka, itumbukize hadi shingoni katika ndoo yenye maji na barafu kwa dakika 10 hivi, kisha pima. Kipimajoto kidogo cha jikoni kinatosha, na hakuna kifaa kingine kitakachokuletea faida kubwa kuliko hicho kwa bei yake. Usiiweke kamwe kwenye friza, wala usitie barafu ndani ya glasi. Mvinyo ukiwa baridi kupita kiasi hauharibiki, ila harufu hujificha na ukakasi huongezeka, nawe utasubiri tu dakika chache huku umeshika glasi viganjani. Kiyoyozi kikiwepo, kiwashwe mapema, kwa maana glasi iliyokaa nusu saa katika chumba cha nyuzi 30 itakuwa imerudi palepale nilipokosea mimi.

Kufungua na kumimina kwenye jagi

Kata bati chini ya ukingo wa mdomo wa chupa, ufute mdomo kwa kitambaa safi, kisha ingiza kizibuo katikati ya kizibo na ukizungushe taratibu. Vizibo vya Bordeaux ni virefu, kwa hiyo kizibuo kisipofika karibu na mwisho kizibo kitakatika. Kikikatika, ingiza kizibuo upya kwa mshazari katika kipande kilichobaki na uvute bila papara.

Nusa mvinyo mara moja kabla ya yote. Ukikutana na uvundo, harufu ile ya kadibodi iliyoloa au ya kabati lililofungwa msimu wote wa masika, kizibo kimeuharibu mvinyo. Kosa hilo haliponi kwa kusubiri, bali huzidi, na ni haki yako kuirudisha chupa ulikoinunua. Harufu kali ya siki nayo ni kosa. Lakini ukikuta harufu nzito kidogo, kama ya chumba kisichofunguliwa madirisha, usihukumu bado, kwani mvinyo uliofungiwa miaka 15 una haki ya kuvuta pumzi.

Jagi la kioo lenye tumbo pana linafaa kwa kazi mbili, kutenga mashapo na kuupa mvinyo hewa. Shika chupa kwa mkono mmoja na jagi kwa mwingine, uweke tochi ya simu mezani ikimulika chini ya shingo ya chupa, kisha mimina kwa mkondo mmoja mwembamba usiokatika. Wafaransa hutumia mshumaa, lakini tochi huona vizuri zaidi. Mvinyo utapita shingoni ukiwa mwekundu unaong'aa, mpaka karibu na mwisho wa chupa, ambapo utaona uzi mwembamba wa giza ukisogea kama moshi kuelekea mdomoni. Hapo simama. Vijiko viwili vitatu vinavyobaki usivionee huruma. Mvinyo wenye miaka 10 hadi 15 uache kwenye jagi muda wa saa moja au mbili. Uliozidi miaka 30 mimina ukaribie kuunywa, kwa sababu hewa inayoufungua mvinyo kijana humchosha mzee upesi sana.

Glasi na chumba

Glasi iwe nyembamba ukingoni, yenye tumbo pana na mdomo uliofinywa kidogo ili harufu isitawanyike, na iwe na mguu wa kushikia. Isuuze kwa maji ya moto bila sabuni, kwani sabuni ya vyombo huacha harufu ya ndimu, na glasi iliyokaa kabatini hunusa mbao. Siku hiyo usifukize udi wala ubani, usijipake manukato, na samaki asikaangwe karibu. Nimewahi kushuhudia meza nzima ikibishana kuhusu harufu ya maua ndani ya mvinyo ambayo kumbe ilikuwa asumini kwenye nywele za mgeni aliyeketi jirani. Mimina robo tu ya glasi.

Macho

Inamisha glasi juu ya karatasi nyeupe. Mvinyo kijana una rangi ya zambarau hadi ukingoni kabisa. Kadiri miaka inavyopita, ukingo hugeuka kuwa wa tofali, kisha wa kahawia. Ukikuta kahawia nyingi katika mvinyo usiofikisha miaka 10, hewa au joto vimeuzeesha kabla ya wakati. Michirizi inayoteremka kando ya glasi hutokana na kileo na haisemi lolote kuhusu ubora, ingawa watu huitazama kwa heshima kubwa. Hatua hii isikuchukue zaidi ya dakika moja.

Pua

Nusa kwanza glasi ikiwa imetulia, bila kuizungusha, kwa pumzi fupi mbili tatu. Harufu nyepesi hujitokeza hapo na hufunikwa baadaye. Kisha weka kitako cha glasi mezani, izungushe mara nne au tano, na unuse tena. Funga macho ikikusaidia.

Waonjaji wa Ulaya watakuambia utafute tunda dogo jeusi waliitalo cassis, ambalo wengi wetu hatukukulia nalo. Usijilazimishe kunusa kitu usichokijua. Mimi hukumbuka zambarau zilizoiva, zile zinazopaka ulimi rangi, na kumbukumbu hiyo inanifikisha karibu sana, kwa sababu zambarau nayo ina weusi wa tunda, uchachu na ukakasi kwa pamoja. Nyuma ya tunda utakuta harufu ambayo kila aliyesoma shule ya msingi anaijua, ya penseli iliyochongwa sasa hivi, vumbi la mbao na risasi yake. Hiyo ni alama ya Cabernet Sauvignon wa pande hizi. Nilipoitambua kwa mara ya kwanza nilicheka kwa furaha, kwa kuwa nilikuwa nimeisoma vitabuni kama «mwerezi» kwa miaka miwili bila kuiona, kumbe nilikuwa nayo tangu darasa la kwanza.

Viungo vinavyofuata vina sababu zake. Mvinyo hukaa kwenye mapipa ya mwaloni ya lita 225 kwa muda wa mwaka mmoja na nusu hivi, na mbao za mwaloni zina eujenoli, kemikali ileile inayoipa karafuu ya Pemba harufu yake. Kwa hiyo ukinusa karafuu hujajidanganya. Zipo pia vanila na moshi kidogo kutoka kwenye mbao zilizochomwa wakati wa kuunda pipa. Vivyo hivyo, harufu ya pilipili hoho mbichi hutokana na kemikali iliyomo ndani ya hoho yenyewe na ndani ya Cabernet Sauvignon. Kidogo chake huburudisha, ikizidi ni dalili ya zabibu zisizoiva vizuri. Katika chupa kongwe tunda hurudi nyuma, na mbele huja tumbaku, ngozi na udongo uliopata mvua ya kwanza.

Andika unachonusa, kwa maneno yako, kabla hujazungumza na yeyote. Neno la kwanza likishasemwa mezani, pua za wote huanza kulifuata.

Kinywa

Chukua funda la wastani, kiasi cha kijiko cha chakula. Lizungushe lifike pembeni mwa ulimi na kwenye fizi, kisha fungua midomo kidogo na uvute hewa juu ya mvinyo, kama anayekunywa chai ya moto kwa kelele. Nyumbani tulifundishwa kwamba hiyo si adabu, lakini hapa ina kazi, kwa kuwa hewa hiyo huipandisha harufu kutoka kooni hadi puani, na sehemu kubwa ya tunachokiita ladha iko huko.

Aliyezoea mvinyo mtamu, na wapo wengi walioanza na ule wa Dodoma wa aina hiyo, atashtuka kwanza. Mvinyo huu ni mkavu, karibu hauna sukari. Badala ya utamu pima mambo matatu. La kwanza ni uchachu, ambao utaujua kwa mate yanayochuruzika pembeni mwa ulimi baada ya kumeza, na ambao huufanya mvinyo uwe hai. La pili ni kileo, kinachopaswa kupasha koo joto bila kuchoma.

La tatu ni ukakasi wa tanini, na hapa ndipo ilipo hadhi ya Léoville Barton. Kila aliyekula bibo, au aliyekunywa chai ya rangi iliyochemka kupita kiasi, anaujua ukakasi: tanini hushikana na protini za mate, ulainishaji wa kinywa hupungua, na fizi huhisi kana kwamba zimepanguswa kwa kitambaa. Swali la kujiuliza ni umbo lake. Ukakasi wa bibo hukwaruza na kuukaba ulimi. Ule wa mvinyo huu katika umri wake mzuri ni mwingi, lakini chembe zake ni laini, kama unga wa mahindi uliochekechwa mara mbili ukilinganisha na chenga, na hutandaa kinywa kizima kwa usawa. Pitisha ulimi juu ya ufizi wa mbele baada ya kumeza, utauhisi wenyewe. Ukiwa bado unakwaruza huku tunda likiwa tele, mvinyo haujaiva. Ukikwaruza na tunda limekwisha, hautaiva tena.

Baada ya kumeza au kutema, hesabu sekunde ambazo ladha inabaki. Wafaransa wana kipimo chake, caudalie, na caudalie moja ni sekunde moja. Mvinyo wa kawaida hutoweka baada ya sekunde chache, na huu, ukiwa katika hali nzuri, huvuka 10 bila shida. Usihesabu ukakasi wala kileo, hesabu ladha ya tunda na viungo tu. Anayeonja chupa zaidi ya moja, au atakayeendesha gari, ateme kwenye chombo kilichotengwa, na hakuna utovu wa adabu ndani yake.

Muda mezani na chakula

Usiimalize chupa ndani ya dakika 40. Ukimimina saa moja jioni, onja tena saa moja na nusu, saa mbili, na saa tatu, kila mara ukiandika mstari mmoja. Mara nyingi saa ya kwanza ni ya mbao na karafuu, ya pili tunda hutoka, na kuelekea mwisho huja ile penseli na tumbaku. Nimewahi kuutia mvinyo huu alama za chini saa moja jioni, kisha saa tatu nikafuta nilichoandika.

Onja kwanza bila chakula, halafu na nyama. Huko Médoc wenyeji huandaa mwanakondoo wa Pauillac, kijiji jirani cha Saint-Julien. Mbuzi wa kuchoma aliyepakwa chumvi peke yake ni mbadala mzuri kabisa, kwa kuwa protini na mafuta ya nyama hushika tanini kabla hazijafika kwenye mate yako, na chumvi hupunguza uchungu. Weka mbali pilipili na kachumbari yenye ndimu nyingi, kwa sababu kileo huzidisha moto wa pilipili, na ndimu huufanya mvinyo uonekane mnyonge. Samaki wa nazi mwache kwa siku nyingine.

Kitakachobaki

Kabla hujaanza kunywa, ukijua hamtaimaliza chupa, chota kutoka kwenye jagi ujaze chupa ndogo safi mpaka mdomoni kabisa bila kuacha nafasi ya hewa, uizibe na kuiweka ndani ya friji. Itakaa siku mbili au tatu. Itoe kesho yake nusu saa kabla ya chakula cha jioni, pima joto, mimina, na uwe na karatasi ya jana mkononi, maana katika miaka yenye tanini nyingi glasi hiyo ya siku ya pili ndiyo iliyonipa zambarau iliyo safi kuliko zote.